Nafasi Yake Ipo: Mwongozo Kamili wa Kuwakumbuka Wasichana Walio Kizuizini kwa Sanaa na Mikutano ya Mtaa, Lamu

Msichana akichukuliwa na serikali, mtaa hunyamaza. Angekwenda Mombasa kusoma, mamake angeulizwa kila asubuhi: hajambo, amepiga simu, atarudi lini? Angeolewa Pate au Mambrui, angeulizwa vivyo hivyo. Lakini akipelekwa mahabusu ya watoto au shule ya kurekebisha tabia, jina lake halisikiki tena barazani. Wengi hunyamaza kwa adabu, wakidhani kutomwuliza mama ndiko kumsitiri. Mama naye hukisikia kimya kile kama hukumu ya pili. Siku binti akirudi, anakuta watu wamekwisha zoea kwamba hayupo.

Mwongozo huu ni wa wanaotaka kuliondoa jambo hilo: vikundi vya kina mama, walimu wa shule na madrasa, vijana wachoraji, washairi, majirani. Nimeuandika nikiifikiria Lamu, mji na visiwa vyake, ila watu wa Malindi watauchukua na kuurekebisha bila taabu.

Jambo moja linatawala yote yatakayofuata. Msichana huyu yu hai, na atarudi. Kwa hiyo kila mnalolipanga, liwe wimbo, kitambaa, chakula au hotuba, lipimeni kwa maswali mawili. Je, linamfanya aonekane kama amekufa? Je, linamfichua? Likianguka katika moja kati ya hayo, liacheni, hata kama ni zuri namna gani.

Jueni kwanza mnamkumbuka nani

Watu wakisikia "binti wa fulani amefungwa" hudhani ameua au ameiba. Kabla ya kununua uzi au kutafuta mkeka, kikundi cha waandalizi kikae na kuelewa mambo yalivyo, kwa sababu mtaulizwa.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 hairuhusu mtoto ahukumiwe kifungo cha jela. Aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa kosa la jinai kabisa. Aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajaweza kupambanua jema na baya, mpaka mahakama ithibitishiwe vingine. Na Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zote zikishindikana, tena kwa muda mfupi kabisa, na asichanganywe na watu wazima.

Hata hivyo wapo walio nyuma ya kufuli. Kuna walio katika mahabusu ya watoto, ambao kesi zao hazijaisha. Malindi ina mahabusu ya namna hiyo, na Likoni vilevile. Kuna walioamriwa kwenda shule za kurekebisha tabia za wasichana, kama Dagoretti kule Nairobi na Kirigiti kule Kiambu. Kuna wa miaka 15 hadi 17 wanaopelekwa borstal, yaani kituo cha kurekebisha vijana waliokosa, ile ya wasichana ya Kamae, kandokando ya Nairobi, ambako muda hauzidi miaka 3. Na kuna wasio na kosa lolote. Hawa walikimbia ndoa, walidhulumiwa nyumbani, au hawakuwa na wa kuwatunza, na mahakama ikaamuru wawekwe mahali kwa usalama wao. Karatasi ya mahakama inawaita watoto wanaohitaji ulinzi na matunzo, lakini mlango unaofungwa usiku ni mlango ule ule.

Msiwasahau na wadogo kabisa: sheria ya magereza humruhusu mama aliyefungwa kukaa na mwanawe mpaka mtoto afike umri wa miaka 4. Baadhi ya hao ni wasichana.

Sasa pigeni hesabu ya safari. Mama wa Lamu anavuka maji mpaka Mokowe, anapanda basi kupitia Witu na Garsen mpaka Malindi. Binti yake akiwa Kiambu, Malindi ni mwanzo tu wa njia. Nauli hiyo ndiyo inayowafanya wasichana wengi wa pwani wakae miezi bila kumwona mtu wa kwao. Ndiyo maana mkutano wenu usiishie kwenye mashairi. Mchango wa nauli uwe sehemu yake tangu siku ya kwanza ya kupanga.

Idhini: mama, kisha afisa, kisha binti mwenyewe

Msianze na bango. Anzeni na mlango wa nyumba. Watu wawili, wanawake wanaoheshimika, waende kwa mama au bibi wa msichana wakati wa utulivu, baada ya alasiri kwa mfano. Wasibebe karatasi wala simu mkononi. Waseme wamekuja kumjulia hali na kwamba kuna watu wanataka kumkumbuka binti yake kwa heri. Siku hiyo wasiombe chochote. Jibu liachwe lije lenyewe, hata likichukua wiki kadhaa. Mama akikataa, mambo yamekwisha kuhusu binti huyo, na asishurutishwe na mtu yeyote, hata shehe wala mzee wa mtaa.

Akikubali, nendeni kwa afisa wa watoto. Yeye ndiye anayejua kama kesi bado iko mbele ya mahakama, kama kuna mtu wa familia ambaye hapaswi kujua binti yuko wapi, na kama salamu zinaweza kufikishwa. Hilo la mtu wa familia lizingatieni sana. Ikiwa msichana alikimbia ndoa au dhuluma, aliyemdhulumu huenda akawa wa kwanza kuja kwenye mkutano wenu amevaa kanzu safi.

Kisha binti mwenyewe aulizwe, kupitia afisa au mlezi wa pale alipo. Umri wake mdogo si sababu ya kutomwuliza. Akisema hataki, heshimuni. Mnaweza kuwakumbuka wasichana wote kwa jumla bila kumgusa yeye.

Sitara katika mji ambao kila mtu anamjua kila mtu

Sehemu hii isomeni mara mbili.

Sheria inakataza kumtangaza mtoto aliye katika kesi kwa jina, picha, shule, makazi au jambo lolote litakalomtambulisha. Nairobi ukificha jina umeficha mtu. Lamu sivyo. Ukisema "msichana wa Mkomani, babake ni nahodha, alikuwa darasa la nane," umemtaja kwa jina lake na la babu yake. Kwa hiyo ondoeni mtaa, kazi ya baba, shule, mwaka aliochukuliwa, idadi ya ndugu zake na kisa chenyewe. Kinachobaki ni kile kinachoweza kuwa cha msichana yeyote: chakula anachokipenda, mchezo, wimbo, njia anayopenda kupita.

Kisa kisisimuliwe hata kwa kufumba. Waswahili ni mafundi wa mafumbo, na wasikilizaji wenu ni mafundi wa kuyafumbua. Kesi ikiwa bado mahakamani, maneno ya mkutano yanaweza kumrudia binti vibaya.

Simu ziwekwe ndani ya pakacha mlangoni, na mtu mmoja akae nalo mpaka mwisho. Tangazeni hilo mapema ili pasiwe na ugomvi. Mkitaka picha za kumbukumbu, pigeni za kitambaa, mikono, mkeka na sinia. Uso wa mama usipigwe picha, kwa sababu uso wa mama ni jina la binti. Na zile picha za mikono zitazameni vizuri kabla hazijasambazwa: pete, hina na kovu hutambulika.

Kundi la WhatsApp la waandalizi liwe la mipango tu: saa ngapi, nani analeta nini. Humo pasiwe na jina la msichana wala la mama.

Mahali na wakati

Lamu ina jengo linalofaa kuliko yote kwa jambo hili, nalo ni Ngome. Ilimalizika kujengwa mnamo 1821, na baadaye, kwa miongo mingi mpaka 1984, ilikuwa gereza. Leo ni makumbusho, na watu huingia na kutoka wapendavyo. Kukaa pale ndani, mahali ambapo mlango wa gereza umekwisha funguliwa, ni maneno tosha bila kipaza sauti. Ombeni ruhusa kwa barua katika ofisi ya makumbusho mapema, mkisema idadi ya watu na saa, na kwamba hamtaki wageni wa kutembelea wapite katikati ya shughuli.

Pamoja na hayo, mama wengine hawataki kuonekana wakiingia Ngome mbele ya watu wote wa Mkunguni, ule uwanja wa mbele yake. Mkutano wa kwanza ni afadhali uwe nyumbani, kiwandani, yaani ule ua wa ndani, wanawake peke yao. Ule wa wazi utafuata watu wakishazoea.

Mkutano wa nyumbani hauhitaji kibali. Ule wa hadhara unatakiwa utolewe taarifa ya maandishi kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Mpeni chifu nakala. Barua isieleze zaidi ya kuwa ni mkutano wa amani wa kina mama na sanaa.

Wakati mzuri ni baina ya alasiri na magharibi. Epukeni Ijumaa mchana, usiku wa Ramadhani, na siku za Maulidi ambapo mji mzima uko upande wa msikiti wa Riyadha. Halafu angalieni maji. Wanaotoka Matondoni, Kipungani au Manda wanakuja kwa mashua, na siku za bamvua maji yakitoka huacha mikondo mingine mitupu. Mwulizeni nahodha kabla ya kutangaza tarehe. Msimu wa kusi mkali, wageni wa mbali wapangiwe pa kulala au wasialikwe kabisa.

Kazi kuu: doti la leso

Sanaa ni nyingi, lakini mkiwa na nguvu za kufanya moja tu, fanyeni hii. Haihitaji mchoraji, kila nyumba inaijua, na inabeba maana yote bila kueleza.

Leso huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana ambavyo mnunuzi huvitenganisha na kuvipinda. Kila familia iliyokubali inunuliwe doti moja kutoka kwenye mfuko wa kikundi, jipya, halijakatwa. Mama au bibi achague mwenyewe. Jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa chini, atalisoma kwa makini kuliko mnavyodhani, na huenda akapita maduka matatu kabla hajalipata. Mwacheni. Kazi ya kumbukumbu imeanza pale dukani.

Siku ya kwanza ya kushona, kila mmoja alitenganishe doti lake mbele ya wenzake. Nusu moja ni ya binti. Itakunjwa nzima, itiwe asmini au ifukizwe udi, na irudi nyumbani kumngoja. Nusu ya pili itakatwa viraka kwa ajili ya kitambaa kikubwa cha wote. Nimemwona bibi mmoja akiukataa mkasi. Alilichana doti kidogo kwa meno pale kwenye mstari, akalishika kwa mikono miwili na kulirarua mpaka mwisho kwa mvuto mmoja, kisha akakaa na nusu ya mjukuu wake mapajani akiilainisha kwa kiganja, pindo kwa pindo, muda mrefu. Wenzake walinyamaza na kumngoja. Pangeni muda wa kutosha siku hiyo, maana wenye haraka huharibu mambo hapa.

Viraka vyenyewe vikatwe shubiri moja kila upande, pamoja na upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Chagueni sehemu ya mji, katikati ya leso, kwa kiraka cha kudarizi, na pindo litumike kuzungushia kitambaa kizima. Jina la leso msilikate vipandevipande. Likatwe refu, lishonwe kama mstari mmoja kati ya safu na safu, ili anayekisoma kitambaa asome maneno ya mama mmoja baada ya mwingine.

Katika kila kiraka idariziwe kitu kimoja cha binti: neno au picha ndogo. Ikiwezekana kitoke kwake mwenyewe. Mpelekeeni maswali mepesi kupitia mlezi: ukirudi utakula nini kwanza, utapita njia gani kutoka bandarini, ni sauti gani ya mjini unayoikumbuka? Kesi yake msimwulize, wala kama amejuta. Msichana amekwisha ulizwa kesi yake na kila mtu mzima aliyemkuta tangu siku ile. Jibu likija "kitumbua", darizini kitumbua. Likija "punda akilia alfajiri", tafuteni msichana mwenye mkono mwepesi achore punda.

Uzi uwe wa kudarizi, rangi isiyochuja. Jaribuni kwanza kwa maji ya moto. Kalamu za rangi zinafifia kwa jua na chumvi ya hewa yetu, msizitumie. Mafundi wa kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono, wanafaa sana kufundisha hapa, kwa sababu wamezoea sindano nyembamba na subira. Wengi wao watakuja wakiombwa kwa heshima na kulipwa siku yao ya kazi.

Kuunganisha viraka kufanywe kwa mkono, si kwa cherehani. Kila kiraka kipigwe bandi pembeni kisha kishonwe juu ya shuka nene ya pamba, kikisimama peke yake, kiasi kwamba kinaweza kufumuliwa bila kuumiza jirani yake. Sababu yake iko mwisho wa mwongozo huu.

Utenzi wa pamoja

Kwa wasiopenda sindano kuna ushairi, na Lamu haikosi mtu wa kutunga. Utenzi ni bora kuliko shairi kwa kazi ya pamoja kwa sababu vipande vyake ni vifupi: kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho. Kina hicho cha mwisho kikubaliwe kabla ya kuanza. Halafu kila mwanamke alete ubeti mmoja, hata akiwa hajapata kutunga, na malenga mmoja asawazishe mizani bila kubadili maana.

Ubeti wa kufungulia unaweza kuwa kama huu:

Mwanangu uliko mbali,
mkeka upo pahali,
nasi twamwomba Jalali
upesi urudi kwetu.

Kina cha "-tu" kinaachia njia nyingi: watu, vitu, kiatu, mtu, katu. Kataeni beti za kuhubiri. Mtunzi mmoja hivi ataleta wosia kwa wasichana wengine "wasije wakafanya kama huyu". Mrudishieni kwa upole, mwambieni huu ni utenzi wa salamu. Wosia una siku yake.

Utenzi uimbwe na mtu mmoja mwenye sauti, wengine wakiitikia kipande cha nne. Kisha uandikwe kwa mkono mzuri, kwa hati za Kiarabu au za kawaida, na nakala ipelekwe kwa afisa akiulize kituo kama inaruhusiwa kuingia.

Ngoma, kwa uangalifu

Lelemama inaweza kufaa, kwa kuwa ni ya wanawake na ina shangwe ya staha. Waulizeni wakubwa wenu kwanza. Vugo liacheni, watu watadhani kuna harusi, na kwa binti aliyekimbia harusi hilo ni jeraha. Familia za Kigiriama kutoka upande wa Malindi na Magarini msiwaombe wacheze kifudu. Ni ngoma ya msiba.

Kwa sababu hiyo hiyo hakuna hitima, hakuna mishumaa kuzunguka picha, hakuna shada la maua, wala lugha ya "marehemu wetu wa moyo". Nasisitiza kwa kuwa watu wakitaka kuonyesha uzito wa jambo hukimbilia desturi za matanga bila kufikiri. Mama ataondoka hapo akihisi amemzika mwanawe.

Jioni yenyewe

Tandikeni mikeka na acheni mmoja wazi, mahali pa kukaa watu, usio na kitu juu yake. Hakuna haja ya kuueleza. Anzeni kwa dua ya mama mmoja, kisha wakaribisheni na Wakristo waombe kwa namna yao, maana kuna familia zinazokaa Hindi na Mpeketoni, upande wa bara, zenye uchungu huu huu.

Baada ya dua mtu mmoja, wakili, afisa wa probesheni au mjumbe wa kamati ya watumiaji wa mahakama, aseme kwa dakika 10 sheria inavyosema: umri wa 12 na 14, kifungu cha 53, na jinsi sheria ya 2022 ilivyofungua njia ya kesi za watoto kumalizwa nje ya mahakama pale inapofaa. Dakika 10 tu, na maswali yaje wakati wa kahawa. Mama mwenye kesi asiulize la kwake mbele ya watu. Mpangieni kuzungumza na mtaalamu huyo pembeni.

Hapo ndipo kitambaa kikunjuliwe, na kila aliyeshona ashike ukingo. Utenzi ufuate. Kisha mezani: mahamri, mbaazi, kaimati, kahawa chungu, chochote kilichotajwa na wasichana katika majibu yao. Ikiwa msichana alisema viazi vya karai, viwepo viazi vya karai.

Mwanasiasa akija, akaribishwe ale. Asipewe nafasi ya kusema. Mwambieni hivyo kabla hajaketi, kupitia mtu mzima anayemheshimu, na mtaepuka fedheha. Akitaka kuchangia nauli, achangie kama wengine, bila kutajwa.

Mchango ukusanywe na watu wawili, uhesabiwe mbele ya watatu, uandikwe daftarini. Uwe wa nauli, sabuni, mafuta, sodo na nguo za ndani, ambavyo ni mahitaji ya kweli ya msichana aliye ndani. Ulizeni kituo kinapokea nini kabla ya kununua.

Jambo moja msiache kulitayarisha. Katika mikutano kama hii, msichana aliyekaa pembeni hunyanyuka na kumnong'oneza mtu jambo linalomtokea nyumbani kwao sasa hivi. Chagueni mapema wanawake wawili wa kumsikiliza. Wasimwahidi kwamba hawatamwambia mtu, na wasimhoji. Wampeleke kwa afisa wa watoto, au wapige 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, inayopokelewa mchana na usiku.

Wale waliopita humo

Kule Parramatta, Sydney, Australia, kulikuwa na makao ya wasichana yaliyofungwa mwaka 1974. Baada ya miaka mingi, wanawake waliokuwa wamezuiliwa humo utotoni ndio waliojikusanya, wakarudi ndani ya majengo pamoja na wasanii, wakazionyesha herufi za majina ambazo wasichana walikuwa wamezikwaruza kwenye milango na kuta. Hakuna mtu wa nje angejua kuzisoma.

Lamu na Malindi nazo zina wanawake waliopita humo. Wapo sokoni, wapo mashuleni, ni mama za watu. Watafuteni kwa siri na waombeni wakae katika kupanga, bila kutangazwa. Wao ndio watakaowaambia kwamba siku ya sikukuu ndiyo ndefu kuliko zote, au kwamba barua isiyojibiwa inaumiza kuliko kutoandikiwa.

Na mtu akiwaambia mnaheshimu aibu, mkumbusheni Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga wakoloni. Wazungu walimkamata 1913 wakampeleka Kisii. Akatoroka pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakarudi kwao kwa miguu, na 1914 akakamatwa tena. Leo ana sanamu mjini Malindi, na kila mwaka watu humchezea ngoma. Wasichana wetu hawana vita na serikali kama yeye, na wengi wanayo makosa yao. Lakini mwanamke aliyefungwa kukumbukwa hadharani si jambo geni pwani.

Kupeleka sanaa ndani

Kituo kikiwaruhusu kuingia, nendeni wachache, watatu au wanne, wanawake, bila kamera. Karatasi, penseli za rangi, vitambaa vilivyokatwa tayari na gundi ya unga vinatosha. Sindano na mikasi haviingii. Msiende mara moja na kupotea. Ni afadhali kuahidi kila muhula na kutimiza kuliko kuahidi kila mwezi. Wanachokitengeneza ni chao, kisiuzwe wala kuonyeshwa bila ruhusa yao na ya afisa, na kikionyeshwa kibebe alama waliyoichagua, nyota au samaki, badala ya jina.

Akirudi

Msimpokee kwa vigelegele bandarini. Labda anataka kushuka kimya, apite kichochoro alichokitaja, aingie kwao. Siku chache baadaye, bibi au mama ampe ile nusu ya doti kutoka sandukuni, wakiwa peke yao. Waandalizi wasiwepo. Kazi yenu ya siku hizo ni ya vitendo: kuzungumza na mwalimu mkuu nafasi yake shuleni ipatikane, au kumtafutia fundi wa kumfunza ushonaji, na kuhakikisha wenzake wa madrasa wanamwita kucheza kama zamani.

Baadaye, akipenda, aonyeshwe kitambaa na aambiwe kiraka chake ni kipi. Atakuwa na hiari ya kukiacha, kukibadilisha au kukitoa. Akitaka kitoke, kifumuliwe siku hiyo hiyo mbele yake, apewe mkononi aende nacho. Ndiyo sababu mlishona kwa mkono. Pengo lizibwe kwa pamba nyeupe isiyo na maandishi, na asiulizwe kwa nini. Kitambaa kikunjwe na karafuu ndani yake kuzuia nondo, kiwekwe katika kabati ya mwanakikundi mmoja, ufunguo ukae kwa mwingine. Na kabla watu hawajatawanyika, kubalianeni tarehe ya mkutano ujao na nani atakayemwona nahodha kuuliza maji.